Shanga za Karatasi: Kukata, Kuviringisha na Kutunga Mapambo Yako Mwenyewe

Ushanga wa karatasi ni pembetatu ndefu iliyoviringishwa kwenye kijiti kuanzia upande mpana hadi ncha, ikagundishwa na kupakwa vanishi. Ukiona mtu akitengeneza mmoja, wa pili utautengeneza mwenyewe. Lakini kidani cha kuvaliwa miaka hutofautiana na kile kinachoishia kwenye droo kwa mambo mawili ambayo watu wengi huyapita mbio: mkato wa karatasi, na pale uzi unapokutana na kifungio. Mkato mbaya hauokolewi na rangi nzuri, na fundo bovu humwaga sakafuni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Karatasi na vifaa

Karatasi za majarida, kalenda za zamani, vipeperushi na karatasi za kufungia zawadi zote zinafaa. Ya gazeti hufyonza gundi mno, hulegea mkononi na kutoa ushanga wa kijivujivu. Karatasi ngumu ya kadi ina kosa la kinyume: haikubali kujipinda, na ncha yake hufumuka hata baada ya gundi kukauka. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, iko katikati na ndiyo ninayomshauri anayeanza aitumie. Unene wake ni kama milimita 0.1, na namba hiyo tutaihitaji baadaye kidogo.

Kabla ya kukata chochote, lowesha kidole na usugue kona ya karatasi. Rangi ikitoka, karatasi hiyo itachafuka ikigusana na gundi au vanishi ya maji. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino wa maji mara nyingi hufanya hivyo. Zilizochapwa kwa printa ya leza hazitoki.

Vifaa vingine ni vichache: rula, penseli, mkasi mkali au kisu cha kukatia karatasi, gundi nyeupe, brashi ndogo, vanishi isiyo na rangi, kipande cha sponji ngumu, na kitu chembamba cha kuviringishia. Kijiti cha meno huacha tundu la kama milimita 2. Sindano ya kufumia ya chuma ni bora zaidi, kwa sababu ni laini na ushanga hauing'ang'anii. Kwa kutunga utahitaji uzi, vifungio, shanga ndogo za kioo na plaisi mbili, moja ya mdomo bapa na nyingine ya mdomo wa duara.

Mkato

Chukua karatasi ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7, na uigeuze upande wa nyuma. Isimamishe, ili zile kingo fupi ziwe juu na chini. Kwenye ukingo wa juu weka alama za penseli kila baada ya sentimita 2, ukianzia kwenye kona ya kushoto: 0, 2, 4, hadi 20. Kwenye ukingo wa chini anza sentimita 1 kutoka kwenye kona, kisha endelea kila sentimita 2: 1, 3, 5, hadi 21. Sasa unganisha alama kwa mistari inayoshuka na kupanda: kutoka 0 ya juu hadi 1 ya chini, kutoka 1 ya chini hadi 2 ya juu, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Utapata pembetatu 20 kamili, nusu zikielekea juu na nusu chini, na vipande viwili vyembamba pembeni ambavyo havina kazi.

Ninaeleza mpangilio huu kwa urefu kwa sababu ndio unaohakikisha kwamba ncha ya kila pembetatu iko katikati kabisa ya kitako chake. Ncha ikihama hata milimita 2, ushanga hutoka na nundu upande mmoja, na hakuna namna ya kuuvuta ukanyooka. Kata kwa rula na kisu ikiwa unavyo. Kwa mkasi, fungua mdomo wote na kata kwa mikupuo mirefu, maana kila unaposimama katikati unaacha kijino kidogo ukingoni, na ukingo ndio utakaoonekana.

Hili la ukingo linastahili kueleweka vizuri. Ushanga ukishaviringishwa, sehemu kubwa ya karatasi hufichwa ndani. Macho huona ukanda mwembamba wa kila ukingo, na sentimita chache za mwisho karibu na ncha. Picha nzuri iliyo katikati ya ukurasa inaweza kupotea yote. Unapochagua ukurasa, basi, tazama rangi zitakazoangukia kwenye kingo na ncha. Ukitaka mistari iliyokolea, pitisha kalamu ya wino mzito mweusi, au wa rangi uipendayo, kwenye kingo mbili za pembetatu kabla ya kuviringisha. Ushanga utatoka na miviringo myembamba iliyopangika. Hata karatasi nyeupe isiyo na kitu hupendeza ikifanyiwa hivyo.

Ukubwa na umbo

Urefu wa ushanga ni sawa na upana wa kitako cha pembetatu. Kitako cha sentimita 2 hutoa ushanga wa sentimita 2. Unene ndio unaowashangaza wengi. Pembetatu ya sentimita 30 ya karatasi ya gramu 80, yenye ule unene wa milimita 0.1, ikiviringishwa kwa kubana kwenye kijiti cha milimita 2, hutoa ushanga wenye kipenyo cha kama milimita 6.5 katikati. Ukiunganisha pembetatu iwe na urefu wa sentimita 60, hupati milimita 13, bali kama 9. Kila mzunguko mpya ni mkubwa kuliko uliotangulia, hivyo unakula karatasi zaidi. Anayetaka shanga nono kwa hiyo awe tayari kutumia karatasi nyingi, au achague karatasi nzito kidogo.

Utepe wenye upana sawa mwanzo hadi mwisho hutoa bomba. Pembetatu ndefu hutoa umbo la pipa. Pembetatu fupi ya sentimita 10 yenye kitako cha sentimita 2.5 hutoa ushanga mwembamba uliochongoka pande mbili, unaopendeza sana kwenye hereni. Utepe unaoanza na sentimita 2 na kuishia na nusu sentimita badala ya ncha hutoa ushanga wenye mkanda wa katikati. Jaribu kila umbo kwa karatasi za bure kabla ya kugusa ile uliyoitunza.

Kuviringisha

Weka pembetatu kifudifudi, upande mzuri ukitazama meza na kitako kikiwa karibu nawe. Laza kijiti juu ya kitako, sambamba na ukingo wake, na uviringishe mzunguko mmoja bila gundi ili karatasi isishikamane na kijiti. Kuanzia hapo paka gundi nyembamba upande wa ndani hadi kwenye ncha, kisha endelea kuviringisha huku ukivuta kidogo.

Macho yako yawe kwenye nafasi mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazobaki kila mzunguko mpya unapolala juu ya ule wa awali. Nafasi hizo zikilingana, uko sawa. Moja ikianza kuzidi, rudisha mizunguko michache na uelekeze upya papo hapo, kabla gundi haijashika. Kungoja hadi mwisho ndipo usahihishe hakusaidii.

Ukifika kwenye ncha, ongeza tone la gundi, bana kwa kidole, na uzungushe ushanga kati ya vidole mara kadhaa. Utoe kwenye kijiti kwa kuuzungusha taratibu, usiuvute moja kwa moja: ushanga mbichi ukivutwa, katikati hutoka nje na unabaki na kitu chenye umbo la pia. Uache ukauke hadi kesho yake. Nje huonekana pakavu mapema, lakini ndani bado pana unyevu, na vanishi ikipakwa juu ya unyevu hubaki na ukungu mweupe.

Vanishi

Gundi nyeupe peke yake haitoshi kuwa kinga. Inang'aa ikikauka, ndiyo, lakini jasho huilainisha na shanga huanza kunata shingoni. Itumie kama tabaka la kwanza tu, ikiwa imechanganywa na maji kidogo, ili kuziba vinyweleo vya karatasi na kuzuia wino usisambae. Ikikauka, paka vanishi tabaka tatu nyembamba, ukiacha kila moja ikauke kabisa kabla ya nyingine. Tabaka moja nene hutiririka, hukusanyika chini na kuacha tone gumu.

Chomeka kila ushanga kwenye kijiti cha meno, paka ukizungusha, kisha simamisha kijiti kwenye sponji. Shanga zisigusane. Kabla vanishi haijakaza, zungusha ushanga mara moja juu ya kijiti chake ili usigandame, na hakikisha tundu halijaziba. Usisahau ncha mbili zilizo wazi kuzunguka tundu, maana huko ndiko maji huingia kwanza. Vanishi ya maji haina harufu kali na haibadiliki rangi. Ile ya mafuta ni ngumu zaidi, lakini hugeuka njano kidogo kadiri muda unavyopita, na lazima itumike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Kwa shanga chache tu, rangi ya kucha isiyo na rangi hufanya kazi vizuri.

Kidani

Hesabu kabla ya kutunga. Kidani cha sentimita 45 hukaa chini kidogo ya shingo kwa watu wazima wengi. Cha 60 hufika kifuani. Shanga za karatasi hazipendi kusuguana ncha kwa ncha, hivyo kati ya kila mbili weka ushanga mdogo wa kioo. Ukubwa wa shanga hizo huandikwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa ushanga ni mdogo: 11/0 ni kama milimita 2, 8/0 ni kama 3, na 6/0 ni kama 4. Usitumie 11/0 hapa. Tundu la ushanga wa karatasi ni milimita 2, na ule mdogo utazama ndani yake. Chukua 8/0 au 6/0.

Mfano: toa sentimita 3 za kifungio na viungo vyake, zibaki 42. Ushanga wa karatasi wa sentimita 2 pamoja na wa kioo unaochukua milimita 2 za uzi ni sentimita 2.2. Utahitaji shanga 19 za karatasi na 20 za kioo, ili pande zote mbili ziishie kwa kioo. Zipange kwanza mezani juu ya taulo, zisiviringike, ndipo uzitunge.

Kwa kidani chenye kifungio, uzi ninaouamini ni waya mwembamba wa chuma uliofunikwa nailoni. Unapindika, haukatwi na kingo za vanishi ngumu, wala haurefuki. Mshipi wa kuvulia samaki hutumika pia, ila hurefuka kadiri unavyovaliwa na mafundo yake huteleza. Ukiutumia, utunge mara mbili.

Sasa kile kiungo. Vijishanga laini vya chuma vya kubana ndivyo vinavyoshika waya badala ya fundo. Pitisha waya ndani ya kijishanga, kisha kwenye pete ya kifungio, kisha urudi ndani ya kijishanga kilekile. Vuta hadi kibaki kitanzi kidogo cha milimita 2 au 3 kinachoiruhusu pete icheze. Kitanzi kikibana kabisa, waya husuguliwa sehemu moja kila siku hadi ukatike. Bana kijishanga kwa plaisi, kisha vuta kwa nguvu kujaribu. Kikiteleza sasa ni afadhali kuliko kuteleza barabarani. Mkia wa waya uwe wa sentimita 3 hivi, nao uupitishe ndani ya shanga za mwanzo pamoja na waya mkuu.

Ukifika upande wa pili, usikaze hadi shanga zisimame kama fimbo. Acha milimita 3 au 4 za ulegevu. Pinda kidani chote kiwe duara kwanza, ndipo ubane kijishanga cha mwisho. Shanga zikijipinda huhitaji nafasi zaidi ya zinapolala zimenyooka, na kidani kilichofungwa kikiwa kimenyooka hukakamaa shingoni na kuchosha kiungo mapema.

Bangili ya lastiki

Shanga za sentimita 2 ni ndefu mno kwa kifundo cha mkono. Haziwezi kufuata duara dogo. Tengeneza za sentimita 1. Pima kifundo cha mkono wako kwa uzi, halafu uongeze nafasi ya unene wa shanga: zenye kipenyo cha milimita 7 hula kama sentimita 2.2. Mwenye kifundo cha mkono cha sentimita 17 atunge sentimita 19 na kitu.

Lastiki ya milimita 0.8 inafaa. Ivute mara kadhaa kabla ya kutunga ili ikurefukie mkononi mwako, isije ikarefuka ikishakuwa bangili. Kwenye fundo, zungusha ncha mara mbili badala ya moja, kaza, kisha funga tena kwa kuelekea upande wa pili. Tone la gundi laini ya vitambaa juu yake, likauke, halafu vuta fundo liingie ndani ya tundu la ushanga. Gundi ile inayokauka papo kwa papo iache pembeni: huifanya lastiki kuwa ngumu, nayo hukatika palepale pembeni mwa fundo.

Hereni

Hapa karatasi inashinda vito vyote kwa wepesi. Unaweza kuvaa hereni kubwa siku nzima bila sikio kulemewa. Tunga ushanga mdogo, wa karatasi, na mdogo tena kwenye pini yenye kichwa bapa. Pinda waya uliobaki digrii 90 mara tu unapotoka kwenye shanga, kata ubaki milimita 8 hivi, kisha uukunje kwa plaisi ya mdomo wa duara uwe pete iliyofungika. Fungua pete ya ndoano ya sikio kwa kuipindisha upande, kama mlango unavyofunguka, na uifunge vivyo hivyo. Ukiitanua kwa kuivuta kushoto na kulia, inapoteza duara lake na haifungiki vizuri tena.

Chagua ndoano za chuma cha pua cha daraja la upasuaji, titani au fedha halisi. Nikeli iliyomo kwenye ndoano za bei rahisi huwasha na kuvimbisha masikio ya watu wengi, na mzio huo ukishaanza hauondoki. Ikiwa unatengeneza zawadi, hili si jambo la kubahatisha.

Shanga kwenye kadi na alamisho

Mabaki ya karatasi na shanga zilizozidi yana kazi yake. Kwa kadi ya salamu tumia karatasi ya gramu 200 hadi 300. Chora umbo kwa penseli kidogo, iweke kadi juu ya sponji, na utoboe matundu yote kwa sindano ukianzia upande wa mbele kabla ya kushona hata ushanga mmoja. Ukishona huku ukitoboa kutoka nyuma, utapata matundu mahali usipopataka, na karatasi haisahau. Acha angalau milimita 3 kati ya tundu na tundu ili kadi isichanike. Hapa shanga za 11/0 ndizo zenyewe. Ncha za uzi zibandike kwa utepe wa gundi nyuma, usifunge fundo nene, kisha gundisha karatasi nyingine ndani kuficha mshono.

Ua la karatasi hutoka kwa tepe za upana wa milimita 5 zilizoviringishwa, zikaachwa zilegee kidogo, na kubanwa upande mmoja ziwe na umbo la tone. Panga matone matano yakutane kwenye ncha zao, yagundishe, na katikati weka ushanga mmoja wa kioo. Alamisho ni rahisi zaidi: ukanda wa karatasi ngumu wa sentimita 4 kwa 16, tundu juu, uzi uliokunjwa mara mbili, na shanga mbili au tatu za karatasi zinazoning'inia nje ya kitabu. Zisiwe nene, kwa kuwa zikiingia kati ya kurasa zitaacha alama.

Ukifanya kazi na watoto, wanapenda sana kuviringisha, na vidole vyao vidogo hufaulu kuliko vya wakubwa. Kisu na vanishi vibaki kwako. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asikae karibu na shanga kabisa, wala asivishwe kidani, kwa hatari ya kukabwa.

Matunzo na marekebisho

Vua kabla ya kuoga na kulala. Manukato na mafuta yapake kwanza, yakauke, ndipo uvae. Futa kwa kitambaa kikavu. Vanishi ikianza kufifia, pitisha tabaka moja jipya bila hata kufumua kidani. Ncha ya ushanga ikinyanyuka, ingiza gundi chini yake kwa ncha ya sindano, bana kwa vidole kwa dakika mbili, na upake vanishi mahali hapo tu.

Na kila unapomaliza kukata ukurasa mmoja, tengeneza shanga mbili au tatu za ziada, uzifunge ndani ya bahasha pamoja na pete moja ya kuunganishia na kijishanga kimoja cha kubana. Andika juu yake ni za kidani gani. Rangi ya ukurasa ule hutaipata tena, na ushanga mmoja ukipondwa miezi kumi baadaye, bahasha hiyo ndiyo itakayokiokoa kidani chote.